Nilipomvua Mjomba Jezi

Nilifanya mambo mawili Alhamisi moja, na kila moja likiwa peke yake lilikuwa jema. La kwanza, nilimtuma Mzee Shafii aende Mtawanya kunipelekea posa kwa Bakari, mjomba wake Sharifa, mwanamke niliyetaka kumwoa. La pili, jioni hiyohiyo, uwanjani kwetu Mikindani, niligawa jezi za mechi ya Songea, na jezi namba moja, ambayo Bakari ameivaa tangu klabu yetu ya raga ianze, nikampa mtu mwingine.

Sikufikiri kwamba mambo hayo mawili yangekutana kwenye baraza moja. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, shule niliiacha darasa la tano, na kichwa changu kikishika jambo moja, la pili linakaa nje.

Kwetu jezi hazigawiwi ovyo. Timu inakaa chini kwenye nyasi, nahodha anasimama, anataja namba na jina, na anayetajwa anakuja kuipokea kwa mikono miwili.

“Namba moja,” nikasema.

Bakari alikuwa ameshanyanyuka. Hakusubiri jina, maana miaka yote jina lilikuwa lake. Alikuja mikono ameitanguliza, huku anacheka na mtu aliyekuwa nyuma yake.

“Amiri,” nikasema.

Amiri ni kijana wa juzijuzi, ana shingo nene kama gunia la korosho. Hakusogea. Aliinamisha kichwa akaanza kung'oa nyasi.

“Umesema nani?” Bakari akaniuliza.

“Amiri, Mzee. Wewe utakaa akiba. Tukikuhitaji utaingia.”

“Mkinihitaji.”

“Ndiyo.”

Mikono yake ilikuwa bado iko mbele. “Nahodha, mashimo ya milingoti hiyo nani alichimba?”

“Wewe.”

“Na wewe nani alikwenda kukuomba kwa mama yako?”

“Wewe, Mzee.”

Akaishusha mikono, akaipangusa kwenye bukta kama mtu aliyemaliza kula, akachukua baiskeli yake akaondoka. Nikagawa jezi nyingine kumi na nne na kila aliyepokea alipokea kama anapokea maiti.

Ili unielewe lazima umjue Bakari. Wakati wageni wa gesi walipojaa mjini kwetu, walikuwa wakicheza raga wenyewe kwa wenyewe siku za Jumapili, na wakipungukiwa watu walimchukua yeyote aliyesimama pembeni. Bakari alikuwa dereva wao. Walimtia mbele kwenye skramu, pale wanane wa huku na wanane wa kule wanapoinamiana na kusukumana kugombea mpira, na siku ya kwanza tu akawasukuma wazungu watatu mpaka wakakalia makalio. Wageni walipoondoka waliacha mipira michache na filimbi. Watu wakadhani mchezo umekwisha. Bakari akapita nyumba kwa nyumba, Mikindani, Likombe, mpaka Mtawanya, akibisha hodi kwa mama zetu. “Nipe huyu,” alikuwa akisema. “Nitakurudishia mzima.” Mimi nilikuwa mmoja wa hao aliowaomba. Milingoti ya goli nilichomelea mimi, mashimo alichimba yeye.

Sasa kwa nini nikamvua jezi mtu wa namna hiyo? Kwa sababu ya chai. Kwa majuma kadhaa nilikuwa namwona mazoezini akinywa chai kwa mkono wa kushoto. Bakari huyu, ambaye akimwona mtoto wa mtu anatia chakula mdomoni kwa kushoto humchapa kofi kiganjani. Mtu kama huyo hashiki kikombe kwa kushoto ila kama wa kulia umekataa kupanda. Na mimi ndiye ninayekaa katikati ya wale watatu wa mbele kwenye skramu. Mkono wangu wa kushoto humshika yeye, na bega lake nililisikia likicheza kama bawaba iliyokatika mahali ilipochomelewa. Geti la hivyo silitundiki kwenye nyumba ya mtu.

Mzee Shafii alikuja karakanani Ijumaa asubuhi. Hakusalimu. Alivua kofia, akaketi juu ya ngoma ya kuzungushia waya.

“Nassoro, wewe una akili?”

“Kumetokea nini, Mzee?”

“Nimekaa barazani kwa watu, nimekaribishwa vizuri. Mke wa Bakari kaniletea mihogo ya nazi, nakula. Mara mwenye nyumba anaingia, anatupa baiskeli chini. Hajaiegemeza, kaitupa. Nami nimeshajiandaa, nimesafisha koo, nikamwambia nimetumwa na kijana wetu Nassoro, ameona ua katika nyumba hii.”

“Akasemaje?”

“Akasema, rudia jina.”

“Ukarudia?”

“Ningefanyaje, mihogo iko mdomoni? Nikarudia. Akasema, mwambie aliyekutuma hawezi kunivua jezi alasiri akaniomba mtoto magharibi. Kisha akasema nimalize kula niende. Na mimi sikumaliza, Nassoro. Mihogo mizuri kama ile.”

Niliizima mashine. Huko nyuma nilishakwenda Newala kwa baba yake Sharifa, na yule mzee alinicheka usoni. “Mimi nimezaa tu,” aliniambia. “Mwenye mtoto yuko Mtawanya.” Ndivyo ilivyo kwa Wamakonde wa huku. Mtoto wa dada ni wa mjomba, na mjomba akisema hapana, hapana mlango wa pili.

Baada ya sala ya Ijumaa nikaenda Likombe. Sharifa ni muuguzi wa zahanati pale. Nilimjua kidole changu kilipoteguka. Alikishika, akaniuliza kama nina mke, na nilipofungua mdomo kujibu akakivuta kikarudi mahali pake. Nilipiga ukelele mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia. “Hukujibu,” aliniambia. Tangu siku hiyo kila alichoniuliza nimemjibu.

Alitoka getini na mkoba wake, ushungi wa samawati, na aliponiona macho yake yakanipita kama mimi ni nguzo ya umeme.

“Sharifa.”

“Nyamaza kwanza. Niache nitembee, hasira zishuke.”

Tukatembea. Tulipita duka la dawa, tukafika kwa muuza madafu, hazikushuka.

“Mjomba hajala tangu jana,” akasema mwishowe. “Kakaa na redio mapajani, imezimwa. Mama analia chumbani. Na mimi kila anayepita ananiuliza, eti mchumba wako kamfanya nini mjomba wako.”

“Nilikosea siku. Jezi sikukosea.”

Akasimama. “Wewe mtu wewe. Umemwacha asimame mbele ya watoto aliowafundisha mwenyewe, mikono mbele kama ombaomba. Ulishindwa kumwita pembeni?”

“Hilo nimekosa. Nitamwomba radhi.”

“Basi mrudishie.”

“Jezi?”

“Ni kitambaa, Nassoro.” Sauti yake ikashuka, akasogea karibu kidogo, na nilisikia harufu ya dawa na ya asmini. “Acha aanze yeye. Acheze kidogo, umtoe. Jumapili Mzee Shafii arudi Mtawanya, atapokewa. Yaishe. Mimi nimechoka kuonana nawe barabarani kama mwizi.”

Nilimtazama. Nina miaka arobaini na moja, nilishaoa na ikavunjika, na nilidhani habari hizo zimeniishia. Ningeweza kusema ndiyo pale. Neno lenyewe dogo.

“Kila kabla ya mechi mjomba wako anaingia chumba cha nyuma na wewe,” nikamwambia, “akitoka bega limefungwa. Niambie limepona. Ukisema limepona, namrudishia jezi leo, mbele ya watu wote, nimepiga magoti.”

Akafungua mdomo. Akaufunga.

“Aliniapisha nisiseme,” akasema.

“Usiseme. Sema tu kwamba limepona.”

Machozi yakamjaa, akayafuta kwa ncha ya ushungi, kwa hasira, kama yamemkosea adabu.

“Unajua mume wangu wa kwanza alikuwaje? Maneno matamu asubuhi mpaka jioni, na siku aliyonitoa nje usiku wa mvua, ni Mjomba aliyenifuata Nachingwea na pikipiki ya kuazima. Hakuniuliza kitu. Alinipa koti lake akasema panda. Leo unataka nisimame upande wako?”

“Sitaki usimame popote.”

“Mimi nasimama kwake. Bega bovu au zima, nasimama kwake.” Akarekebisha mkoba. “Kesho nitakuja uwanjani kufunga watu majeraha kwa sababu ndiyo kazi yangu. Usiniongeleshe.”

Akaenda. Hakugeuka. Nilisimama pale mpaka muuza madafu akaniuliza kama nanunua au nazuia wateja.

Jumamosi Mikindani ilijaa. Songea walikuja na basi lao na ngoma yao, na mbele yao Erasto, nahodha, Mngoni mmoja mpana kama mlango wa ghala. Erasto na Bakari ni watani. Wangoni na Wamakonde walipigana zamani za mababu, na waliopigana zamani za mababu leo wana ruhusa ya kuambiana lolote, hata msibani, na mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa. Kila mwaka wale wawili husukumana mpaka mmoja alale chini, kisha hula sahani moja.

“Yuko wapi mla panya wangu?” Erasto aliniuliza.

Nikamwonyesha. Bakari alikuwa ameketi ng'ambo ya uwanja, kwenye benchi la watazamaji, kanzu nyeupe, kofia ya viua, mwavuli mweusi mkononi. Hakuja kwenye benchi la akiba. Alikuja kama mtu anayekwenda kwenye maulidi.

Erasto akanigeukia. “Umemtoa?”

“Nimemtoa.”

“Mmetupa mechi,” akasema, na hakuwa anatania.

Karibu nimwamini. Amiri ana nguvu kuliko ng'ombe wa plau, lakini kwa Erasto nguvu peke yake haitoshi. Kila skramu Erasto alimwinamia, akamkunja, akamtoa njiani. Tulisukumwa kama mkokoteni. Jawad, yule mtoto wa duka la vitambaa ambaye miguu yake ni ya swala, alitufungia trai mbili, yaani mara mbili aliutua mpira ng'ambo ya mstari wao, kwa kukimbia tu, lakini mpaka mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi nne, na Amiri alikuwa ameketi kichwa katikati ya magoti.

“Naona Erasto ameingia, lakini sijui anaingia wapi,” aliniambia.

Aliyejua alikuwa amekaa chini ya mwavuli. Bega la Bakari lilikuwa bovu kweli, lakini kichwa chake kilikuwa kizima, na mimi nilipoliacha bega niliacha na kichwa.

Ndipo Songea wakafanya kosa. Kosa lenyewe halikuwa la mchezo. Mtu wa Dar asingelifanya, wala mzungu. Walisimamisha msiba.

Ilianza kwa kilio. Nikageuka nikamwona Erasto amejifunga kitenge kiunoni, mikono kichwani, analia kama mjane. Nyuma yake wachezaji wanne wamembeba mwenzao mabegani, wamemfunika shuka. Ngoma ikapunguza mwendo. Wakazunguka uwanja wote, wanawake wa Mikindani wakawaitikia kwa kilio huku wamejishika mbavu kwa kicheko, na msafara ukaenda ukasimama mbele ya benchi la Bakari. Maiti ikalazwa chini, miguuni pake.

“Poleni Wamakonde,” akasema Erasto. “Tumepata habari tukiwa njiani. Bakari ametutoka.”

Bakari alitazama mbele.

“Mtani wangu mimi, umeniacha nimsukume nani?” Erasto akalia. “Umeniachia kitoto, ukikigusa kinadai uji. Jamani, marehemu ameacha panya wangapi kwenye kikaango? Tugawane mirathi kabla hawajapoa.”

Uwanja ulikuwa unacheka mpaka refa, nusu ya filimbi iko mdomoni.

Kisha Erasto akapiga goti, akamchungulia Bakari chini ya mwavuli, akabadilisha sauti. “Samahani Mzee. Umefanana sana na marehemu. Ni nduguye?”

Nilimwona Bakari akijizuia. Ndevu zilitikisika kwanza, kisha mashavu.

“Nduguye,” akasema.

“Aliacha wasia?”

“Aliacha.”

“Unasemaje?”

“Unasema akija Mngoni msibani, asipewe ubwabwa mpaka kwanza asukumwe.”

Akaufunga mwavuli. Akasimama. Akavua kofia, akampa mtu aliyekaa naye, akaikamata kanzu pindoni na kuivua kwa mkono mmoja wa kushoto. Chini ya kanzu alikuwa na bukta ya klabu, na soksi zimepandishwa mpaka magotini.

Sijawahi kusikia Mikindani ikipiga kelele namna ile. Maiti ya Songea iliamka ikakimbia.

Hakuja kwangu. Alivuka uwanja moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wa dawa alipokuwa Sharifa, akakaa, akamgeuzia bega.

“Funga.”

Sharifa alishika kitambaa, hakufunga. Aliinua macho yake akanitazama juu ya kichwa cha mjomba wake. Alikuwa hajanitazama tangu Likombe. Aliniuliza kwa macho tu, na hakuwa ananiuliza mimi mchumba wake.

“Mfunge,” nikasema. “Ataingia robo saa ya mwisho. Kabla ya hapo haingii.”

“Nani kakuuliza wewe?” akasema Bakari bila kugeuka.

“Hakuna. Lakini nahodha ni mimi. Ukilazimisha kuingia sasa hivi, hutaingia kabisa.”

Wachezaji wote waliosimama karibu wakatafuta pa kuangalia.

“Unasikia anavyoniongelesha?” Bakari akamwambia mpwa wake.

“Nasikia,” Sharifa akasema, akaanza kufunga. “Kaa sawa.”

Nikachuchumaa mbele yake. “Mzee, juzi nilikukosea. Jezi sikukosea. Nilikosa kukuacha usimame vile mbele ya watu, na nakuomba radhi mbele ya watu.”

Alinikazia macho. “Nitakusikia baada ya mechi,” akasema. Lakini aliinua kichwa akamwita Amiri, na nusu nzima ya mapumziko akawa anamwonyesha, kwa vidole viwili na kikombe, Erasto anaingilia wapi.

Kipindi cha pili Amiri hakukunjwa tena. Hakumsukuma Erasto, lakini hakukunjwa. Tulibaki palepale, nyuma kwa pointi nne, jasho linaingia machoni, hadi robo saa ya mwisho ilipofika. Nikainua mkono. Amiri alivua jezi namba moja akiwa anatembea, na alipofika mstarini akapiga goti akaitoa kwa mikono miwili. Bakari aliipokea kwa mikono miwili. Wa kulia ulipanda nusu. Niliona, Sharifa aliona, na Bakari aliona kwamba tumeona.

Kidogokidogo tukaanza kusonga. Zikiwa zimebaki pumzi chache tu, Songea wakaangusha mpira hatua tano kutoka kwenye mstari wao, na refa akatupa sisi skramu. Tukiusukuma mpira ukavuka mstari na mtu wetu akauangukia, ni trai, pointi tano. Tukishindwa, basi.

Tukashikana. Mkono wangu wa kushoto ukamzunguka Bakari mgongoni, na wa kwake wa kulia ukanizunguka mimi. Yule aliyeninyima mpwa wake alikuwa amenikumbatia, shavu lake liko kwenye shavu langu, na mapigo ya moyo wake nayasikia ubavuni.

“Marehemu habari za huko?” Erasto akauliza kutoka upande wa pili.

“Wazee wako wanakusalimu,” Bakari akajibu. Kisha akaninong'oneza: “Akianza kuvutia pumzi puani ndipo anapoingia. Ukiisikia pua, shuka pamoja nami.”

“Na bega?”

“Hilo bega lako sasa. Libebe.”

Mpira ukaingia. Nikaisikia pua. Nikashuka, naye akashuka, nikaliingiza bega langu chini ya lake nikalibeba kama ninavyobeba fremu ya geti, chuma kwa chuma, na Erasto alipokuja kuingia hakukuta pa kuingia. Alisimama. Kisha, mara ya kwanza siku ile, nikaona miguu yake inarudi nyuma. Mguu mmoja, halafu mwingine. Bakari alikuwa anaunguruma kitu kwa Kimakonde, na sote saba tuliobaki tukaunguruma naye bila kujua tunasema nini. Tukatembea. Tukauvuka mstari, na Jawad akauangukia mpira kama mtoto anayeangukia godoro.

Refa akainua mkono.

Watu waliingia uwanjani kutoka pande zote. Nilibebwa, nikaangushwa, nikabebwa tena. Erasto alikuwa amelala chali ng'ambo ya mstari, anatangaza kwamba safari hii msiba ni wake na anaomba rambirambi iwe ya nyama. Nilipofanikiwa kutoka kwenye ule msongamano nilimkuta Bakari ameketi kwenye mkeka wa dawa, mkono wa kulia umelala mapajani, Sharifa anambonyeza bega kwa vidole. Mzee Shafii amesimama mbele yao, kofia mkononi. Ameitwa.

“Shafii,” Bakari akasema, “ile habari ya juzi hukuimaliza.”

“Nilifukuzwa.”

“Sasa maliza.”

Mzee Shafii akasafisha koo. “Nimetumwa na kijana wetu Nassoro, ambaye ameona ua katika—”

“Fupisha. Bega linauma.”

“Anataka kuoa.”

“Namjua. Hana adabu.”

“Ndiyo,” Mzee Shafii akakubali upesi mno.

“Aliniambia mbele ya watu kwamba nimekwisha.” Bakari alinitazama, na sauti yake haikuwa kubwa tena. “Na timu nzima ilikuwa inaliona bega hili. Wote wananiona nakunywa chai kwa kushoto, wanageuza uso. Yule wa Nachingwea angenipa jezi. Angenisifia mpaka mkono ung'oke. Huyu kaninyima huku anajua anakuja kwangu kuomba.” Akavuta pumzi. “Kwa hiyo mtoto namtoa. Mahari mtaongea na dada yangu. Mimi langu ni moja tu. Mechi ya Lindi naanza.”

Vidole vya Sharifa vikasimama. Mzee Shafii alinikonyeza kwa nguvu zake zote, jicho likakaribia kutoka. Watu waliokuwa karibu wakanyamaza, na waliokuwa mbali wakauliza kuna nini.

Nilimtazama Sharifa. Alikuwa ameniinamishia uso, sikuweza kusoma kitu. Nikalitazama bega.

“Huanzi, Mjomba,” nikasema.

Mzee Shafii akanikanyaga.

Bakari hakutania, nakuambia kweli. Aliitaka ile mechi kama mimi nilivyomtaka Sharifa. Taya likamcheza.

“Kipindi cha pili chote,” akasema.

“Robo saa.”

“Nusu ya kipindi.”

“Robo saa, Mjomba. Na ukianza kushika kikombe kwa kushoto, hata hiyo hupati.”

“Jamani,” Mzee Shafii akaingilia, maana kupatanisha ndiyo kazi iliyomleta, “tukutane katikati kama watu wazima. Tuseme dakika kumi na nane.”

“Mmemaliza?” Sharifa akauliza.

Tukageuka sote watatu. Alikuwa ameinuka, mikono kiunoni, kitambaa cha kufungia kinaning'inia shingoni.

“Mnanioza au mnapanga timu? Dakika kumi. Za mwisho. Na kabla ya kila mechi nitalipima bega mwenyewe, nikisema hapana, ni hapana, na nahodha asinitumie mtu barazani kunibembeleza.”

“Kumi chache, mwanangu,” Bakari akasema.

“Basi hapana harusi.”

Mimi na Bakari tulitazamana. Sijawahi kuelewana na mtu upesi namna ile.

“Kumi,” akasema yeye.

“Kumi,” nikasema mimi.

Mzee Shafii akainua mikono kuomba dua na watu wakaitikia amina mpaka Wangoni, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kikapokewa upande wa pili wa uwanja. Sharifa hakutazama chini kama wanavyofanya maharusi. Alinitazama mimi, moja kwa moja, macho yake bado mekundu ya jana na sasa yanacheka, na sikukumbuka kama nina mwili unaouma.

“Lete mkono,” akasema.

Kiganja changu kilikuwa kimechunika. Alikishika mbele ya mjomba wake na mbele ya Songea nzima, akakigeuza juu, akachukua dawa akaanza kunipaka, taratibu kuliko kidonda kile kilivyohitaji.